Makapi ya Mirihi

Saa tatu kamili asubuhi, mbele ya wajumbe mia nne kutoka vyuo vikuu kumi na tisa, Ungo ulianza kupepeta. Haukuwa mtambo wa kutisha. Kilikuwa kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa redio, kimewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Lakini kwenye kiwambo kilichofunika ukuta mzima wa Ukumbi Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mindu, mjini Morogoro, watu waliuona ujumbe wa asubuhi ile kutoka Mirihi ukiingia kama mstari mrefu wa kijani, ukarushwa, ukatikiswa, kisha ukaanza kupukutika. Vipande vya kijivu vilianguka kushoto. Kulia vilibaki vipande vichache vinavyong'aa. Ujumbe uliokuwa wa dakika sita na sekunde kumi ukawa wa sekunde thelathini na nane.

"Kilichobaki tunakiita kiini," alisema Dkt. Editha Mkude, mhandisi aliyeubuni. "Kilichoanguka tunakiita makapi."

Kiini kikasomwa na sauti ya Ungo wenyewe, sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. "Mtama wa mstari wa pili, sentimita arobaini. Maji, lita mia mbili na sita. Pampu ya tatu inavuja, nimeifunga. Mbegu za mzunguko wa nne zimehesabiwa."

Watu walipiga makofi, na haki yao. Mwaka ule wa 2119 njia ya mawimbi kati ya Dunia na Mirihi ilikuwa bado moja, tena nyembamba, na vyuo vyote kumi na tisa viliichangia kama wapangaji wanaochangia bomba moja la maji uani. Kila chuo kilikuwa na dakika zake kwa siku, na kila chuo kiliamini kwamba jirani anaiba. Profesa mmoja wa hali ya hewa alimnunia mwenzake miaka minne kwa ajili ya dakika tatu. Sasa maneno ya saa nzima yangepita ndani ya dakika saba. Saa nane mchana wajumbe wangetia saini mkataba wa kuufunga Ungo katika vituo vyote vya Mirihi, na ghala la makapi, lililotunzwa kwa kipindi cha majaribio tu, lingefutwa.

"Mama Daktari," aliita mzee mmoja kutoka safu ya mbele. Alikuwa Profesa Kasongo wa Lubumbashi, bingwa wa mawe, aliyekuja kongamanoni na koti la zambarau na viatu vilivyong'aa kuliko kiwambo. "Bibi zetu walipanda ungo kwenda angani zamani sana, na hawakutiliana saini na mtu."

"Ni kweli, Profesa. Lakini hawakurudi na vipimo."

Ukumbi ulicheka, na Editha akacheka nao. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na tisa kati ya hiyo aliipa mashine ile. Akaeleza kwamba ujumbe waliousikia umetoka kwa mtunzaji wa kituo cha Bondeni, Dismas Mkude, anayeishi huko peke yake na watumishi-chuma wanane, mwezi wa kumi na nne sasa, akiotesha mtama ndani ya nyumba ya vioo. "Ndiyo," aliongeza, "ni mdogo wangu, tumbo moja." Makofi yakarudi, safari hii ya joto zaidi, naye akayapokea kwa niaba ya nduguye kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Ikafika saa ya chai. Watumishi-chuma wa chuo walipita na sinia za vitumbua, wakimpigia shikamoo kila mtu ambaye macho yao ya kioo yalimkadiria kupita miaka arobaini. Mtafiti mmoja wa miaka ishirini na saba alipigiwa shikamoo mbili mfululizo na akaenda kujitazama chooni. Editha alikuwa bado anacheka alipoguswa bega na Bi Mwamvita Kibwana, mtunza kumbukumbu wa chuo, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba na sifa ya ubishi.

"Daktari, ule mkataba wako nimekuja kuuwekea pingamizi."

"Bi Mwamvita, leo siyo siku ya utani."

"Wala sitanii. Kanuni ya kumbukumbu unaijua. Hakifutwi kitu ambacho hakijasikilizwa na sikio la mtu. Sikulazimishwa kusikiliza ghala zima. Natakiwa kuokota boksi moja kwa kura, niketi, nilisikilize, niweke saini. Nimeokota jana. Limekuja la Bondeni."

"Basi umesikiliza salamu," alisema Editha. "Pole kwa kuchoshwa."

Bi Mwamvita hakutabasamu. "Mdogo wako anakusalimia," alisema. "Njoo usikie anavyokusalimia."

Waliteremka hadi chumba cha kumbukumbu, chini ya ukumbi, mahali penye ubaridi na harufu ya karatasi za zamani ambazo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuzitupa. Bi Mwamvita alimketisha, akamvisha visikizi, akafungua makapi ya juma la nne la Dismas kituoni.

"Dada Editha, shikamoo. Habari za huko? Habari za Mindu, habari za kazi, habari za majirani? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Chakula kipo, usingizi upo. Ila siku hizi herufi ndogo zinanikimbia. Nadhani ni taa za huku. Haya, tuje kwenye kazi."

Hapo makapi yalikoma. Kilichofuata kilikuwa kiini, nacho Editha alikipokea wakati wake, akakisoma, akaridhika.

Bi Mwamvita akasogeza mbele. Juma la kumi na tatu. "Dada, shikamoo. Umeamkaje? Mimi sijambo kabisa. Ila jicho la kulia lina kitu kama moshi pembeni, ukikitazama kinahama." Juma la ishirini na mbili. "Shikamoo, dada. Huku kwema. Ila jana nimemwaga mbegu zote chini, nilidhani sahani iko mezani. Watumishi-chuma walinisaidia kuokota, maskini, hawakuniuliza kitu." Juma la ishirini na tatu. "Shikamoo, dada. Uliponijibu niongeze maji mstari wa tatu nilijua umenisikia, umeamua kunipa kazi nisikae kuwaza. Mama ndivyo alivyokuwa. Ukilia, anakutuma kuni. Ahsante, dada."

Editha alivua visikizi. Akavivaa tena. Aliomba liendelee, likaendelea, juma baada ya juma, na kila juma lilianza na shikamoo ile ile ya heshima, kisha habari nzuri, kisha ila.

Mtu wa nje asiyejua desturi zetu angeweza kuuliza kwa nini Dismas hakuandika ugonjwa wake kwenye taarifa ya kazi. Lakini taarifa ya kazi ni ya kazi. Maumivu ya mtu husemwa kwa ndugu, na husemwa kwa zamu yake. Kwanza unaulizwa habari, unajibu ni nzuri, hata kama mgongoni umebeba msiba. Ukishasema nzuri ndipo unapopata pumzi ya kusema lililopo. Na daktari-chuma wa kituoni hakugundua, kwa sababu kila mwezi alimtaka Dismas asome herufi zile zile ukutani. Dismas alikwisha kuzijua kwa moyo. Aliambiwa asome, akasoma.

Kosa lilikuwa mahali pengine, na Editha alilijua lilipo. Wahandisi saba walioufundisha Ungo walikuwa wote wamelelewa kwa Kiswahili. Walipitia jumbe elfu tisa wakaona kwamba kila anayeulizwa habari hujibu nzuri, salama, kwema au sijambo, na jibu ambalo halibadiliki halina habari ndani yake. Wakauamuru Ungo ukate kila kitu mpaka mtu afike kwenye kazi. Mwaka wa pili mshirika wao mmoja kutoka Norwe, ambaye hakujua lugha, aliandika kuuliza sehemu ile ya mwanzo ina nini. Walicheka wote saba. Ni Editha aliyemjibu kwa mkono wake: hizo ni salamu tu. Mgeni asingefanya kosa lile. Lilihitaji watu waliokulia ndani ya salamu kiasi cha kuacha kuzisikia.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Shikamoo? Sitini na moja, pamoja na ya leo."

"Na mimi sijaitikia hata moja."

Bi Mwamvita hakuwa mtu wa kumdanganya mwenzake ili apate nafuu. "Hata moja," alisema, akamshika mkono.

Daktari wa macho wa chuo alipigiwa simu, akasikilizishwa, akaja mbio hata koti hajavaa vizuri. Alieleza kwamba mwili ukikaa muda mrefu mahali penye mvutano mdogo, maji yake hupanda kichwani na kuukandamiza mshipa wa jicho polepole. Si ugonjwa mgeni. Dawa yake ni vidonge, na chupa ya vidonge hivyo ilikuwa imo katika kabati la kituo cha Bondeni tangu siku kilipojengwa.

"Ningejua mwezi wa tano," alisema, "ningeyaokoa macho yote mawili kutoka hapa hapa nilipokaa. Kwa dalili alizozisema, la kulia limekwenda. La kushoto, akianza vidonge leo na akarudi kutibiwa, naweza kulipigania. Akibaki, vidonge peke yake havitatosha."

"Akibaki mpaka chombo kijacho?"

"Ni lini?"

"Miezi ishirini na sita."

Daktari alitikisa kichwa, akasema atakuwa kipofu.

Chombo kilichokuwepo kiliitwa Korongo. Kilikuwa kimetua Mirihi tangu mwezi uliopita na kingeondoka baada ya siku kumi na moja. Orodha ya watakaorudi nacho ilikuwa ifungwe siku ile ile, kongamanoni, saa kumi kamili, kwa sababu hesabu za uzito na mafuta huchukua siku kumi na wala hazibembelezeki. Nafasi zilikuwa nne. Tatu zilikuwa za watunzaji waliomaliza zamu. Ya nne iling'olewa kiti, ikafungwa masanduku ya mawe, kilo tisini, mali ya Profesa Kasongo.

Saa nane watu waliporudi ukumbini kutia saini, Editha alipanda jukwaani bila karatasi. Mwenyekiti wa kongamano, mama mmoja mkavu kutoka Kampala, alidhani amekuja kushukuru.

"Nimekuja kuuondoa mkataba wangu," alisema Editha. "Ungo una kosa, na kosa ni langu. Naomba msikilize makapi."

Aliwasikilizisha dakika kumi na mbili za makapi, kuanzia juma la nne. Wale wasiojua Kiswahili waliokuwa wakifuata tafsiri sikioni walionekana wakizisogeza mashine zao karibu. Ilipofika ile ya kutumwa kuni, mwanamke mmoja katika safu ya tano alilia waziwazi. Editha hakulia. Alieleza aliyoyasema daktari, akaeleza kuhusu Korongo, kisha akamgeukia mzee wa koti la zambarau.

"Profesa, naomba nafasi yako."

Profesa Kasongo aliegemea fimbo yake. "Mawe yangu ni kilo tisini. Ndugu yako ana kilo ngapi?"

"Sitini na nne."

"Mimi nina miaka sabini na moja, mama. Mawe hayo nimeyangoja miaka kumi na mbili. Ndani yake kuna alama za maji ambazo hakuna jicho la mtu lililoziona. Chombo kingine kikija, sijui kama kitanikuta." Hakuna aliyemharakisha. "Lakini mimi nimezika watoto wawili. Sitaki kuambiwa kwamba mtoto wa mtu alipofuka ili nipate mawe. Muulizeni. Akisema anataka kurudi, mawe yatangoja. Ila aseme mwenyewe, kwa mdomo wake. Mtu asiyetaka simwachii."

"Ndivyo kanuni inavyotaka," alisema mwenyekiti. "Hapandishwi mtu chomboni bila kauli yake." Akatazama saa ya ukutani. "Ni saa tisa na dakika kumi. Sauti inachukua dakika kumi na nne kufika, kumi na nne kurudi. Mna swali moja na jibu moja. La pili halitawahi."

Bi Mwamvita alikuwa amesimama nyuma ya Editha. Alimwinamia sikioni. "Ukimwuliza, atakujibu hajambo."

"Najua."

"Atasema mtama unamhitaji. Atasema asisumbuliwe mzee wa watu na mawe yake. Atakuonea huruma, akuage."

"Najua, Bi Mwamvita."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake. Ndugu wawili wakikaa baraza moja, mmoja akisema sijambo, mwenzake huuliza tena, hujambo kweli?, halafu tena, mpaka mlango ufunguke. Kwa Mirihi kila kuuliza tena ni karibu nusu saa, na nusu saa zilikuwa zimekwisha. Maswali yote ya kubembeleza yalipaswa kuingia ndani ya salamu moja.

Akaenda kwenye meza yenye kitambaa cheupe, akabonyeza kitufe cha upande, na taa ya Ungo ikazimika. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne njia ya mawimbi ilikuwa wazi kati ya Mindu na Bondeni. Dakika ambazo zingeliwa zilikuwa za vyuo vyote, lakini hakuna aliyeinua mkono kulalamika, hata profesa wa hali ya hewa. Editha akainama kwenye kipaza sauti.

"Dismas, marahaba," alisema. "Marahaba, mdogo wangu. Na ya juma lililopita, marahaba. Na ya kabla yake, na ya kabla yake. Nimeambiwa ziko sitini na moja. Zote, marahaba.

"Sikukusikia. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote. Nilitengeneza mashine, mashine ikazikata salamu zako, na mimi sikujua kwa sababu niliona hazina kitu. Siku ile niliyokwambia uongeze maji mstari wa tatu, nilikuwa nataka maji tu. Nisamehe.

"Kwenye kabati la dawa, rafu ya chini kabisa, kuna chupa yenye kifuniko cha pembe nne. Ipapase utaijua. Kunywa viwili leo, viwili kila siku, vyovyote utakavyoamua.

"Habari za huku ni nzuri. Mvua imenyesha, mlima haujaonekana tangu Jumapili. Shangazi Blandina amevunja jino kwa muwa na bado anakula muwa. Mimi sijambo, Dismas." Hapo watu mia nne wakamwona akishika ukingo wa meza. "Sijambo, ila tangu uondoke nakula nimesimama jikoni. Sijaketi mezani hata siku moja. Nimekuwa nikisema ni kazi nyingi. Siyo kazi. Ila vilevile naogopa. Naogopa utanijibu kwamba hujambo ukaishia hapo, kwa kunihurumia mimi, na muda ukaisha. Korongo ina nafasi. Kuna mzee hapa amekubali kuyaacha mawe yake, lakini anataka kauli yako, na kanuni nayo inaitaka. Hatuna muda wa kuulizana mara mbili. Haya. Umeamkaje, mdogo wangu? Habari za huko?"

Ikawa kungoja. Watumishi-chuma walileta chai, ikapoa mbele ya watu. Profesa Kasongo alitoa kitambaa akafuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi. Bi Mwamvita alivuta kiti akaketi karibu na Editha na kumsimulia, bila kuulizwa, mambo ya binti yake anayesomea ufundi wa mabwawa, na Editha aliitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikia neno. Saa tisa na nusu ikapita. Saa kumi kasoro ishirini ikapita. Saa kumi kasoro dakika kumi na tatu, mstari wa kijani ulitokea kwenye kiwambo.

Kwanza ilikuja pumzi, ya mtu anayesogeza kiti kwa kukitafuta.

"Dada Editha, shikamoo."

"Marahaba," alisema Editha, ingawa aliyekuwa akimwitikia asingemsikia kwa sasa, na nyuma yake wazee kadhaa ukumbini waliitikia pia, kwa mazoea.

"Nimekusikia. Nimekusikia vizuri." Akacheka kidogo. "Kumbe maji yalikuwa maji tu. Na mimi nimekushukuru miezi yote hii. Usilie, dada. Najua unalia. Shangazi Blandina mwambieni muwa ukatwe vipande vidogo. Huku ni kwema. Mtama unapendeza, mstari wa pili umenifika magotini. Chupa nimeipata, nimekunywa viwili. Mimi sijambo."

Akanyamaza.

Mstari wa kijani ukanyooka. Mwenyekiti alitazama saa, akatazama orodha iliyokuwa mbele yake, kalamu mkononi. Sekunde kumi zikaenda, kisha ishirini, kisha arobaini. Mtu mmoja alinong'ona kwamba mawimbi yamekatika, akanyamazishwa. Editha alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa ikitembea. Bi Mwamvita, aliyekuwa karibu, alisikia kwamba alikuwa akiuliza hujambo kweli, hujambo kweli, tena na tena.

"Ila sioni, dada," ilisema sauti. "La kulia limefunga. La kushoto linaona mlango kama mwanga tu. Mtama naujua kwa kuupapasa. Sikukwambia vizuri, nilikwambia kidogo kidogo, nikasema utajua wewe. Ila usiku nikiamka sijui kama nimefumbua macho. Ila nimechoka kuwa peke yangu. Mwambie mzee wa mawe anisamehe sana. Nataka kurudi nyumbani. Ni mimi, Dismas Mkude wa Bondeni, nimesema kwa mdomo wangu."

Profesa Kasongo alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha. Alikwenda mpaka mezani kwa mwenyekiti, akaiomba kalamu, akakata mstari mmoja kwenye orodha, akaandika juu yake jina la Dismas kwa herufi kubwa. Alipomaliza aliibusu karatasi pale alipoyakata mawe yake. Saa kumi kasoro dakika tano orodha ilirushwa.

Zilibaki dakika chache za njia. Editha alirudi kwenye kipaza sauti. Alikuwa na mengi ya kusema, na daktari wa macho alikwisha kumwambia lipi asimfiche nduguye na lipi lingoje. Hakusema hata moja kati ya hayo.

"Pole, mdogo wangu," alisema.

Alingoja kidogo, kama dakika nzima, akasema tena, "Pole, Dismas." Watu walianza kuinuka taratibu, wakaketi tena walipomwona hajaondoka. Alingoja, akasema pole ya tatu. Alitaka zimfikie zikifuatana, moja ikiisha nyingine iwe njiani, ili kule gizani alikoketi asikae muda mrefu bila kusikia mtu.